Mhojiwa namba 47 bado anasubiri majibu

Ndugu Mhariri,

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, maharage yakiwa jikoni na mikono yangu ikiwa na unga wa chapati, nilifanywa mhojiwa namba 47. Namba hiyo niliiona mwenyewe kwenye kona ya karatasi. Kijana aliyekuja alikuwa na adabu zake zote: alinipa shikamoo, akaomba kiti, akasema hatanichukulia zaidi ya dakika kumi. Zikaenda arobaini. Mada ilikuwa nishati safi ya kupikia. Swali la kumi na mbili lilisema, "Gesi ni nafuu kuliko mkaa," halafu mimi nichague: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Nikamwambia, mwanangu, inategemea. Chai na mayai, gesi inanilipa. Maharage yanayotokota toka asubuhi mpaka mchana, gesi inanifilisi. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema, "Mama, humu hakuna inategemea." Akaweka tiki kwenye sina uhakika.

Mhariri, uhakika ninao. Nimepika hapa Malimbe, Mwanza, miaka ishirini na mbili, mwanzo chini ya mwembe kwa mafiga matatu, sasa kwenye banda la bati lenye meza nne. Nikisema inategemea nimeshapiga hesabu. Lakini huko alikokwenda kijana yule, kwenye kompyuta yake, mimi ni mmoja wa akina mama wasiojua bei ya gesi. Na sitapata nafasi ya kusahihisha, maana hatarudi. Huwa hawarudi. Huyu ni wa kumi na moja. Nawajua idadi kwa sababu kila mmoja huniachia nakala ya karatasi ya ridhaa niliyoweka saini, na karatasi hizo nazitunza kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na risiti. Nimeulizwa kuhusu kichocho, kuhusu vikoba, kuhusu dagaa wa mdogo wangu, kuhusu vyoo vya wapangaji wangu. Watu kumi na moja wameondoka na majibu yangu, na hakuna hata mmoja aliyeniletea ya kwake.

Wanatoka vyuo vingi, vya Serikali na vya madhehebu, vya karibu na vya mbali. Huyu wa Jumanne alishuka na begi lake stendi ya Nyegezi akiwa hajui hata pa kupandia daladala. Sitaji chuo, kwa kuwa sina kesi na chuo. Ila nataka kusema na vyuo vikuu vya Kanisa, kwa kuwa ndivyo nilivyokulia navyo, na kwa kuwa huko kanisani kila wiki tunaambiwa habari za jirani.

Ninakaa pua na mdomo na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, kilometa kama 10 kusini mwa katikati ya jiji la Mwanza. Watoto wanaokuja kusoma wanadhani pameanza 1998. Kwa jina la chuo kikuu, ndiyo, ni mwaka huo. Lakini mwaka 1960, Uhuru haujafika, Askofu Joseph Blomjous, Mholanzi wa shirika la wamisionari la Mapadre Weupe, alikuwa ameshaanzisha Nyegezi kituo cha mafunzo ya jamii. Watu walikuja kusomea ustawi wa jamii, uandishi wa habari, uhasibu. Waandishi wengi wa nchi hii, na huenda hata wewe Mhariri, wamepitia mikononi mwa waliosoma Nyegezi. Baba yangu alikuwa kibarua wa kupasua kokoto za majengo ya huku. Hakuwahi kukaa darasani mle, lakini alikuwa akipita na baiskeli anaonyesha kidole: lile jiwe la kona, lile, nalifahamu kwa sura.

Kaulimbiu ya chuo ni kuujenga Mji wa Mungu. Padre alitufafanulia kwenye jumuiya kwamba ni maneno yenye mizizi kwa Mtakatifu Augustino mwenyewe, yule askofu wa Afrika Kaskazini, mtoto wa Monika. Sisi wa mitaa ya jirani tunaongezea ya kwetu: mji huo unakula ugali kwa dagaa, na unakula kwa mkopo. Ninalo daftari. Ukurasa wa kushoto majina, wa kulia madeni, na wote tunangoja siku bumu la Bodi ya Mikopo litakapoingia. Likiingia, mtaa mzima unajua bila kutangaziwa: bodaboda hawakai kijiweni, muuza mitumba anatandika turubai la pili, na mimi nanunua kuku.

Anayetaka kujua tulivyoungana na chuo angekuja Machi 2020. Vyuo vyote nchini vilifungwa kwa ajili ya korona, tangazo moja, watoto wakafunga mabegi. Kufika mwisho wa wiki njia ya kwenda getini ilikuwa nyeupe, mbuzi wanalala katikati. Mimi nilibaki na gunia la maharage, vyumba sita vitupu, na daftari la madeni. Mpaka tarehe 1 Juni vilipofunguliwa tulikuwa tumekula mtaji. Lakini wapangaji wangu waliniachia funguo, godoro, masufuria, na mmoja aliniachia vyeti vyake vya kidato cha nne na cha sita ndani ya bahasha ya kaki, akasema kwako vina usalama kuliko kwenye basi. Na katikati ya Aprili simu ikalia: shilingi 7,500 kutoka Kigoma. Mwanafunzi aliyekuwa akidaiwa sahani tano amemwomba mama yake mzazi anilipe. Huyo mama hatujaonana mpaka leo, ila kila Krismasi tunapigiana, na yeye ni Mwislamu. Chuo ni cha Kanisa, lakini hakimuulizi mtoto dhehebu lake mlangoni. Mwezi wa Ramadhani mimi huamka saa tisa usiku kupika daku la wapangaji wangu watatu, halafu naunganisha misa ya kwanza.

Nasi wenyeji tuna dhambi zetu, nisijifanye malaika. Kuna wenye nyumba huku wanadai kodi ya miezi sita mkupuo kwa mtoto wa mwaka wa kwanza ambaye baba yake kauza ng'ombe ili apate nauli. Mwaka mmoja na mimi nilipandisha kodi mwezi wa Oktoba, kwa kuona jirani kapandisha. Vikajaa vyote. Sikulala vizuri, lakini hela sikurudisha.

Sasa nieleze jambo moja kwa urefu, maana ndilo lililonifanya nimwombe binti yangu anichapie barua hii kwenye simu.

Mwanafunzi huyo huyo wa Kigoma alikuwa anasomea uhasibu, mwaka wa tatu. Jioni moja mvua ilimfungia bandani kwangu. Wateja hamna, umeme hamna, tumekaa na taa ya jua. Akaomba daftari aone deni lake. Akalitazama, halafu akageuza ukurasa mweupe akachora mistari. "Mama, sahani ya maharage unauza bei gani? Debe la maharage unanunua bei gani, linatoa sahani ngapi? Mkaa?" Nikamwambia mkaa gunia. "Gunia linakaa siku ngapi?" Nikakuna kichwa. Mafuta, vitunguu, chumvi, maji ya dumu. Akaandika vyote. Kisha akauliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya kupika hakuna aliyewahi kuniuliza, wala mume wangu, wala hao kumi na mmoja: "Na wewe mwenyewe unajilipa shilingi ngapi kwa siku?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniandika mimi kwenye mstari wa mwisho, chini ya chumvi.

Hesabu ilipokamilika, kumbe kila sahani ya maharage nilikuwa nauza kwa hasara, chapati ndizo zinazoyabeba mgongoni. Na mwizi alikuwa mkaa. Akaniuliza, unayaloweka? Sikuwa naloweka, asubuhi nachambua, naosha, nabandika. Kesho yake nikaanza kuyaloweka usiku kucha, na mfuniko nikaukandamiza kwa jiwe. Gunia la mkaa lililokuwa linaisha Alhamisi likaanza kufika Jumamosi. Ukurasa ule aliuchana akaubandika ndani ya mlango wa kabati langu. Upo mpaka leo, umelowa mafuta, namba zimefifia. Ni ukurasa mmoja, Kiswahili kitupu, hauna hata "utangulizi".

Linganisha na hili. Mpangaji wangu mwingine alipomaliza, alinionyesha tasnifu yake: jalada gumu jeusi, herufi za dhahabu, na jina Malimbe palepale juu. Nikafurahi kama nimezaa mimi. Nikamwomba anisomee, maana imeandikwa Kiingereza na mimi niliishia darasa la saba. Akawa anatafsiri polepole, mpaka tukafika mahali mhojiwa mmoja, mwanamke, anasema wanafunzi ni watoto wetu ila watoto wetu hawalipi kodi. Nikamwambia simama hapo, maneno hayo ni yangu! Yalikuwa yangu, yamevalishwa suti na tai. Kijana yule alikaa akanisomea kwa sababu alikuwa mpangaji wangu. Wale wanawake wengine aliowahoji kule mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, hawajui kwamba wamo kitabuni, na kitabu kipo maktaba, katika lugha ambayo hata kingeletwa kingefaa kufunikia mtungi.

Mdogo wangu anaanika dagaa. Alishaulizwa mara nne. Anawajibu wote sawa: dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpana mitumbwi inapumzika, asubuhi unanunua kwa ndoo, unaanika, wa kwenye chanja wana bei, wa mchangani wana kokoto na wengi huishia kuwa chakula cha kuku. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, wanaoza, na mtaji unaoza nao. Kila anayekuja anaandika, "changamoto: mvua". Mdogo wangu huwauliza, sasa wenzetu wa Musoma, wa Bukoba, wa Ukerewe, masika wanafanyaje? Maana ninyi mmezunguka kote huko. Huwa wanasema, mama, tukimaliza kuchambua takwimu tutawaambia. Masika yamepita manne.

Na kichocho hivyohivyo. Walikuja wakauliza watoto wanaoga wapi, wanafua wapi, wamemeza dawa mwaka huu au la. Nikasema wamemeza shuleni, lakini mbona mjukuu wangu kaugua tena? Waliandika swali langu kama jibu. Nesi wa zahanati ndiye alikuja kuniambia kwamba dawa ile inaua minyoo iliyomo mwilini, haizuii mingine kuingia mtoto akirudi kwenye maji yenye konokono wanaoieneza. Maneno ya dakika moja. Tangu siku hiyo maji ya kumwogesha mjukuu nayachota jioni, yanalala kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili ndipo tunayatumia, kama nesi alivyoelekeza.

Hapo ndipo ninaposhangaa, Mhariri. Kwa sababu Kanisa hilihili linajua kurudisha majibu. Panda kilima cha Bugando. Hospitali ile ya maaskofu ilifunguliwa 1971, Serikali ikaichukua mwaka uliofuata, ikairudisha 1985, na tangu 2003 pana chuo kikuu cha Kanisa kinachofundisha madaktari palepale wodini. Mwanafunzi akikutoa damu Bugando, kuna dirisha la majibu. Unakaa kwenye benchi, unaitwa jina, unaelezwa. Hakuna anayekuambia damu yako imekwenda kuandikiwa shahada. Mbona mtu akinitoa maneno badala ya damu, dirisha la majibu halipo?

Sista mmoja mwanafunzi, mteja wangu wa uji, aliniambia kwamba Papa Yohane Paulo II aliviandikia vyuo vikuu vya Kikatoliki hati yao, aliyoitia saini siku ya Kupalizwa Mama Maria, 15 Agosti 1990. Akanieleza kwamba humo ameviagiza vichunguze matatizo mazito ya watu wa wakati huu, haki, maisha ya familia, utunzaji wa mazingira, na kwamba elimu yao iwafikie hasa maskini. Nilipiga hesabu ya miezi. Septemba ya mwaka huohuo Papa alikuja Tanzania na akafika hapa Mwanza. Mimi nilikuwepo, mtoto mgongoni, jua la utosi. Wino wa hati yake ulikuwa haujakauka vizuri, na sisi tuliokuwa tunampungia vitambaa hatukujua kwamba tumo ndani yake.

Ninachoomba ni kidogo, nami nimekifikiria jikoni muda mrefu. Mwanafunzi akitaka kuhitimu huzunguka na ile fomu ya kumaliza madeni: maktaba wasaini, bweni wasaini, mhasibu asaini. Kwenye fomu hiyo liongezwe sanduku moja, la mwenyekiti wa mtaa au kijiji alikofanyia utafiti. Mwenyekiti asaini kwamba amepokea kurasa mbili za Kiswahili, zenye herufi zinazosomeka: niliuliza nini, niliambiwa nini, nimeona nini, mnaweza kufanya nini. Zibandikwe ofisi ya mtaa, mwaloni, na kwenye ubao wa parokia pale tunapobandika matangazo ya ndoa. Majina yetu yasitajwe, hilo waliahidi kwenye karatasi za ridhaa na ninazo zote. (Wakiona inafaa, waongeze na sanduku la mama lishe. Nina ukurasa mzima wa waliohitimu na sahani zangu.)

SAUT wana redio yao, na wanafunzi wa uandishi ndio wanaojifunzia humo. Tunaisikiliza bandani mchana kutwa. Nusu saa kwa wiki, mwanafunzi mmoja asome kurasa zake mbili, halafu simu zipigwe. Mdogo wangu angekuwa wa kwanza kupiga, na angemuuliza habari za masika. Mtihani huo ni mgumu kuliko wa mwalimu, kwa sababu mwalimu hajawahi kupoteza ndoo sita za dagaa kwa mvua moja.

Najua watasema walimu ni wachache, wanafunzi ni maelfu, na nyingine ni kazi za kujifunzia tu, hazina jipya. Sawa. Ikiwa halina jipya, liandikwe hivyohivyo: tumewahoji mama lishe wa Malimbe na hatukuona jipya. Nitalibandika kabatini nalo. Tena ningefurahi likisomwa Iringa, Moshi, Mtwara na Tabora, maana kote huko Kanisa lina vyuo, na kote huko kuna mwanamke mwenye meza nne na kopo la karatasi.

Matendo ya huruma ya Kwaresima nayashukuru. Vijana wa TMCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, wamewahi kumfulia na kumsombea maji bibi kizee jirani yangu, na sabuni walileta. Lakini bibi yule alihojiwa pia, kuhusu wazee wanaoishi peke yao, na akawa ananiuliza kila nikimpelekea uji kama wale wa makaratasi wameshasema lolote. Amefariki mwaka jana akiwa anauliza.

Mwisho, nina ujumbe kwa kijana wa Jumanne, kama gazeti hili litamfikia alipo. Kalamu yako ya bluu umeisahau mezani kwangu. Chapati nilikataa usilipe, usihangaike nayo. Mpaka saa tisa alasiri nipo bandani siku zote isipokuwa Jumapili, na ukitaka kumwona mdogo wangu uwahi mwaloni alfajiri, giza la mwezi linaanza wiki ijayo. Hata usipokuja, nakuomba ufungue karatasi ya namba 47, swali la kumi na mbili, ukate ile tiki, na pembeni uandike kwa mkono: inategemea, na mama ameeleza kwa nini.

Wako,
Mama Lishe, Malimbe, Mwanza
(Jina langu unalo, Mhariri, lihifadhi.)